Valvu imefeli testi, ninunue mpya?

SWALI: Fundi habari ya siku nyingi. Niko na ploti ya kupangisha hapa Nakuru upande wa Milimani, chini kuna kijana amekodi pa kuoshea magari, na maji tunatoa pande mbili, ya kampuni ya maji na ya kisima chetu. Laini ya kampuni tuliweka ile valvu ya kuzuia maji kurudi nyuma, ile kubwa iko na cheki mbili, yaani vimlango vya kupitisha maji upande mmoja tu, na shimo hapo chini katikati. Juzi fundi akaja na geji akasema imefeli, cheki ya kwanza haishiki na ile valvu ya katikati inafunguka tofauti ya presha ikiwa psi 1.2 (psi ni kipimo cha presha) na inatakiwa isishuke 2. Keteka naye ndio ananiambia saa hii ati hiyo shimo imekuwa ikidondosha maji miezi mingi mpaka akachoka kupiga deki akaiziba na kijiti na kipande cha tyubu. Sasa naambiwa ninunue mpya na bei yake si ya kuchezea. — Mama Ploti

JIBU: Mama pole, lakini usitoe pesa bado. Tuanze na hicho kijiti maana ndio kimenitoa jasho. Hiyo shimo haikuwa na makosa. Kile kichumba kati ya cheki mbili lazima presha yake ikae chini ya ile inayotoka kwa kampuni, ikikaribiana sana basi valvu ya katikati inafunguka na kumwaga maji chini, kuliko yarudi kwa bomba la mtaa mzima. Kwa hivyo kudondosha kila saa hata kama hakuna mtu amefungua mfereji ni njia yake ya kusema cheki ya kwanza inavuja, sasa keteka amemziba mdomo shahidi wa pekee uliyekuwa naye. Mwambie pole pole, hakujua, lakini kijiti kisirudi.

Na usifikirie ni mambo ya vitabu tu. Hapo kwenu Milimani mko juu kwa mteremko wa Menengai, siku ya mgao kampuni ikifunga maji na watu wa chini wafungue mifereji, bomba linabaki likivuta kama mtu ananyonya soda na mrija, na kama hosi ya kijana imelala ndani ya pipa la sabuni, hiyo sabuni inaenda kwa chai ya jirani. Chicago mwaka 1933 watu 98 walikufa kwa amiba, ilianzia kwa hoteli mbili zenye mabomba ya maji safi na ya taka yaliyoingiliana.

Kwa hivyo leo hii, kabla ya ukarabati, mtoe kijana kwa laini ya kampuni. Achote kwa tangi lake, na bomba linalojaza hilo tangi liishie juu ya ukingo, nafasi iwe mara mbili ya upana wa bomba na isipungue milimita 25. Mimi ningemwacha hivyo hata valvu ikipona. Pampu ya kisima pia isiunganishwe moja kwa moja na laini ya kampuni, maji yenu ya visima yanajulikana kwa floraidi na hakuna valvu inachuja hiyo.

Sasa ukarabati. Kwanza muulize fundi kama geti valvu ya upande wa nyumba ilikuwa inafunga kabisa akipima, ikipitisha geji inaweza kukudanganya. Ikiwa sawa, afunge geti valvu zote mbili, ya upande wa kampuni na ya nyumba, atoe presha kwa vile vimifereji vya kupimia, ndio afungue kifuniko, taratibu maana springi ya cheki ya kwanza iko na nguvu inaweza kumruka usoni. Mara nyingi sana utapata ni uchafu tu, mchanga au kutu iliyokaa kwa kiti cha raba, pale cheki inakalia ikifunga, unajua vile maji ya kwanza baada ya mgao huja ya kahawia. Aoshe, aangalie raba kama imechimbika mfereji, ibadilishwe na ya modeli hiyo hiyo, si ya kukata kutoka tyubu ya baiskeli tafadhali, na asipake grisi ya gari maana mafuta hayo yanafurisha raba, kuna ya silikoni ya mambo ya maji. Aweke chujio pia, maji yapite hapo kabla ya kufika kwa valvu.

Mpya ni kama mwili wa valvu umepasuka, ama kiti chenyewe kimekwaruzika na hakitoki, ama spea hazipatikani.

Akimaliza apime tena yote, si ile iliyofeli peke yake: cheki ya pili ishike angalau psi 1, valvu ya katikati ifunguke kwa psi isiyopungua 2. Akuandikie karatasi na namba ya valvu, kipimo cha kabla na cha baada. Ikifeli tena niandikie modeli na vipimo, lakini kijiti nimeshakiona kwa akili yangu, usinitumie picha.