Kwa nyie mnaoanza kupaka tantalamu kwa chumvi ya moto

Wadogo zangu mlioingia maabara juzi, karibuni, ila kabla hamjagusa swichi ya tanuru mjue kwamba hii kazi sehemu kubwa ni kukausha chumvi, umeme wenyewe ni kitu kidogo tu. Tantalamu ni metali, tunaipaka kwa umeme juu ya sampuli; kwenye maji haipakiki, haidrojeni inatoka kwanza, ndo maana tunatumia floraidi ya lithiamu, sodiamu na potasiamu zikichanganywa, mchanganyiko unayeyuka kwenye nyuzi 454 za Selsiasi, tunaupandisha mpaka 750 au 800 hivi, na tantalamu tunaiingiza ikiwa K2TaF7, yaani chumvi yake yenye potasiamu na floraidi.

Sasa hiyo floraidi ya potasiamu inavuta maji balaa! Msimu wa mvua hapa Kampala ukiacha chupa wazi ukatoka kupokea simu, ukirudi imeshaanza kunata kama sukari guru. Ukiichoma hivyohivyo, maji yanageuza floraidi kuwa oksaidi na gesi ya HF (haidrojeni floraidi), gesi inakula mapafu na oksaidi inabaki humo kwenye chumvi, halafu unashangaa mbona napata ungaunga mweusi na sio tabaka la kijivu lililoshika vizuri. Kausheni kwa vakyumu, moto mnaupandisha polepole, usiku kucha ikibidi, na bosi akiwaharakisha mwacheni aongee.

Juu ya chumvi tunajaza argoni, gesi isiyoungana na kitu, ili hewa isiingie. Ile ya mafundi wa kuchomelea, ambayo hata mtaani Katwe wanaitumia, inafaa, ila ipite kwanza kwenye kikausha unyevu na kwenye vipande vya titaniamu vya moto vikamate oksijeni. Chombo kiwe cha grafaiti au nikeli, kioo sahauni, floraidi inakila. Na HF jamani sio ya kuchezea, ikikugusa unaweza usisikie maumivu mpaka baadaye wakati inaendelea kuingia ndani, kwa hiyo jeli ya kalisiamu glukoneti iwe mezani, sio kwenye kabati lililofungwa na mwenye ufunguo kaenda lanchi.

Kuhusu karenti msiwe na tamaa. Anzeni na makumi machache ya miliampia kwa kila sentimita mraba, ukizidisha tabaka linaota vijiti kama matawi na linadondoka. Umeme ukikatika katikati, inueni sampuli kutoka kwenye chumvi kabla haijaganda ikaing'ang'ania, ila ibaki ndani ya argoni mpaka ipoe, maana tantalamu ya moto ikikutana na hewa imeharibika.

Ikishapoa mnaiosha, na mwe na subira kwa sababu floraidi ya lithiamu haitaki kuyeyuka kwenye maji, kisha mnapima uzito. Ampia moja kwa saa moja inatakiwa kuweka gramu 1.35 hivi, ikiwa chini sana ya hapo basi karenti imeliwa na uchafu. Maji ya kuoshea msimwage kwenye sinki, tieni chokaa kwanza floraidi itulie chini, ndo mchuje.