Wasomaji Wanauliza: Mtoto Aliyeacha Kufunga Mabao, Je, Amerudi Nyuma?

SWALI: Kwako Mhariri, salamu kutoka Katuba. Mdogo wangu anaishi Montréal na mume wake, na mtoto wao wa kiume, aliyezaliwa mwezi wa Novemba na ambaye sasa ana miaka 13, anacheza hoki ya barafuni tangu utotoni. Misimu miwili iliyopita yeye ndiye aliyekuwa akifunga mabao mengi kuliko wenzake. Msimu huu amefunga machache, ameshushwa daraja, na kocha amewaambia wazazi kwamba mtoto amerudi nyuma. Wakati huohuo amerefuka ghafla, hata viatu vya mwaka jana havimwingii tena. Mdogo wangu ndiye aliyekuwa akitusaidia karo ya watoto wa marehemu kaka yetu, na sasa anasema pesa nyingi zinamezwa na mchezo huo. Wazee wa ukoo wamenituma niulize: tutajuaje kama mtoto huyu anaendelea, au ni fedha zinazopotea bure? (Mama mkubwa wa mtoto, Lubumbashi)

JIBU: Mama, barua yako ina habari mbili ambazo zingetosha kumzuia mtu yeyote asiharakishe kutoa hukumu: mtoto amezaliwa Novemba, na amerefuka ghafla. Nitaanza na hizo kabla ya kufika kwenye mabao, kwa sababu mabao ndiyo yanayowapotosha wengi.

Nchini Kanada watoto wa hoki hupangwa kwa mwaka wa kuzaliwa, kuanzia tarehe 1 Januari hadi 31 Desemba, kwa hiyo kijana wenu anashindana na wenzake waliozaliwa Januari ya mwaka uleule, waliomtangulia kwa miezi kumi. Kwa mtoto wa miaka 9 au 10, miezi kumi ni tofauti kubwa ya nguvu, ya kimo na hata ya utulivu wa akili. Mwaka 1985 mwanasaikolojia Roger Barnsley na wenzake walionyesha kwamba waliozaliwa katika miezi ya mwanzo ya mwaka walikuwa wengi kupita kiasi katika ligi kubwa za vijana za Kanada na katika NHL, ambayo ndiyo ligi kuu ya Amerika Kaskazini. Mtoto aliye mkubwa kidogo huteuliwa mapema, hupewa makocha bora, saa nyingi zaidi za mazoezi na wapinzani wagumu, na baada ya miaka mitano ile tofauti ndogo ya kuzaliwa huwa imegeuka kuwa tofauti ya mafunzo. Hapa kwetu pia, yeyote aliyewahi kusimama kando ya uwanja siku ya kuchagua vijana wa soka ameona jinsi macho ya makocha yanavyokimbilia warefu.

Lakini kuna upande wa pili, nao unahusu mtoto wenu moja kwa moja. Mwaka 2013 Robert Deaner na wenzake walichapisha uchunguzi juu ya Wakanada walioteuliwa na timu za NHL kati ya mwaka 1980 na 2006; katika uteuzi huo timu huchagua vijana kwa zamu, mmoja baada ya mwingine, na wanaotarajiwa zaidi hutangulia. Walikuta kwamba waliozaliwa katika nusu ya pili ya mwaka walikuwa wameteuliwa nyuma sana kuliko walivyostahili, na kwamba, wakilinganishwa na wenzao walioteuliwa katika nafasi zilezile, uwezekano wao wa kufikisha mechi 400 au pointi 200 (pointi ni bao au pasi ya bao) ulikuwa karibu maradufu. Kwa maneno mengine, wasaka vipaji wanaolipwa kwa kazi hiyo, na wenye uzoefu wa miaka mingi, walikuwa wakiwapunja watoto wa Novemba bila kujua.

Kuhusu kurefuka, wavulana wengi hufikia kilele cha ukuaji karibu na umri wa miaka 14, na wasichana karibu na miaka 12, ingawa mmoja anaweza kuwahi na mwingine akachelewa kwa mwaka mzima au zaidi. Katika kipindi hicho mvulana anaweza kuongezeka sentimita 8 hadi 10 ndani ya mwaka mmoja. Mifupa hutangulia na misuli hufuata baadaye, kwa hiyo mwili uliokuwa umezoea kujisawazisha juu ya chuma chembamba cha kiatu unalazimika kujifunza upya kukunja magoti, kugeuka na kusimama. Mchezo huu hauvumilii hata kidogo mwili usiojijua, kwa kuwa kila pasi na kila shuti hutegemea kwanza namna mchezaji anavyoteleza. Mtoto aliyekuwa mwepesi akiwa na miaka 11 anaweza kuonekana mzito na mwenye miguu isiyomtii akiwa na miaka 13, kisha akarudisha wepesi wake wote miezi kadhaa baadaye, safari hii akiwa na hatua ndefu zaidi. Kocha anayemwita mtoto wa namna hiyo kuwa amerudi nyuma ameona kitu cha kweli, lakini amekipa maana isiyo yake.

Sasa mabao. Katika umri wa miaka 10 au 11 bao hupatikana mara nyingi kwa kukimbia moja kwa moja kuliko wengine na kupiga kile kisahani cheusi cha mpira juu ya bega la mlinda mlango, ambaye bado ni mfupi na haifikii pembe ya juu ya goli. Miaka miwili baadaye mlinda mlango amekua, mabeki wamejifunza kufunga njia, na katika madaraja ya juu kugongana kwa mwili kunaanza kuruhusiwa. Shirikisho la Hoki la Kanada lilikupiga marufuku mwaka 2013 kwa kundi la watoto wa miaka 11 na 12. Shuti lilelile lililozaa mabao ishirini linaweza kuzaa matano, na mtoto asiwe amepoteza chochote. Kinachohitajika ni kujua kama amejifunza jambo lingine mahali pa lile lililoacha kufanya kazi.

Hilo mnaweza kulitazama hata mkiwa Katuba. Mwombe mdogo wako awatumie picha za video za kipindi kimoja kizima, si mkusanyiko wa mabao, na simu imfuate mtoto mwenyewe badala ya kufuata kisahani. Mchezaji wa hoki hukaa barafuni karibu sekunde 40 hadi 50 kisha hupumzishwa, kwa hiyo katika kipindi kimoja mtamwona akiingia na kutoka mara kadhaa. Angalieni kama anageuza kichwa kutazama nyuma ya bega lake kabla kisahani hakijamfikia. Angalieni hatua zake tatu za kwanza anapoanza kukimbia, na kama anageuka vizuri kwa kulia na kwa kushoto au anakimbilia upande mmoja tu. Anapobanwa, je, anakitupa kisahani ovyo au anamtafuta mwenzake? Timu yake ikipokonywa, je, anarudi kukaba, au anasubiri mbele? Kisha mwombe video ya namna hiyohiyo baada ya miezi minne, dhidi ya timu ya uwezo unaolingana, na mfananishe mtoto na nafsi yake ya awali. Katika hayo yote, mimi huamini zaidi lile la kutazama nyuma ya bega, kwa sababu halitegemei kimo wala nguvu, na mtoto anayelifanya akiwa mdogo na dhaifu hataliacha atakapopata nguvu.

Wazee wangependa pia kujua kama hukumu za mapema huwa zinatimia. Timu za NHL huteua vijana kuanzia umri wa miaka 18, yaani miaka mitano baada ya umri wa kijana wenu, na hata hapo hukosea vibaya. Pavel Datsyuk aliteuliwa wa 171 mwaka 1998, Henrik Zetterberg wa 210 mwaka 1999, Henrik Lundqvist wa 205 mwaka 2000, na wote watatu wakawa miongoni mwa wachezaji bora wa kizazi chao. Martin St. Louis hakuteuliwa na timu yoyote, lakini mwaka 2004 alitajwa kuwa mchezaji bora wa ligi nzima. Nail Yakupov, aliyeteuliwa wa kwanza kabisa mwaka 2012, alikuwa amekwisha kurudi Urusi mwaka 2018. Na kwa kuwa ninyi ni Wakongo, yupo Bokondji Imama, aliyezaliwa Montréal mwaka 1996 na wazazi waliotoka nchini kwetu: aliteuliwa wa 180 mwaka 2015, akafunga mabao 41 katika msimu wake wa mwisho wa ligi ya vijana, na mechi yake ya kwanza ya NHL aliicheza mwaka 2022. Miaka saba ilipita kati ya jina lake kutajwa na yeye kukanyaga barafu ya ligi kuu.

Majina hayo nimeyataja ili kumwondolea mtoto hukumu, wala sikutaka kuwapa wazee matumaini ya mkataba. NHL ina timu 32, na kwa sehemu kubwa ya msimu kikosi cha kila timu hakizidi wachezaji 23 kwa wakati mmoja, kwa hiyo nafasi zote hazifiki 740 kwa vijana wa Kanada, Marekani, Uswidi, Finland, Urusi na kwingineko. Hakuna mtu, awe kocha au msaka vipaji, anayeweza kuwaambia leo kama mtoto wa miaka 13 atapata mojawapo. Ndiyo maana suala la karo lizungumzwe na mdogo wako lenyewe kama lilivyo: anaweza kubeba kiasi gani mwaka huu bila kuwaumiza watoto wa marehemu? Daraja aliloshushiwa kijana huenda hata likawa na gharama ndogo zaidi za safari, na huko atacheza dakika nyingi kuliko kukaa benchi juu. Tafadhali, Mama, mtoto asisikie kwamba karo za binamu zake zinategemea mabao yake.

SWALI: Nafuatilia takwimu za vijana wa hoki kwenye intaneti. Unaweza kukuta kijana wa miaka 18 mwenye pointi 90 katika ligi ya vijana ya Kanada, na mwingine wa umri huo mwenye pointi 12 tu katika ligi ya watu wazima ya Uswidi, na bado huyu wa pili anawekwa juu. Hesabu hiyo inatoka wapi? (Mwanafunzi wa hisabati, Chuo Kikuu cha Lubumbashi)

JIBU: Ndugu mwanafunzi, pointi, ambayo ni bao au pasi ya bao, haina uzito mmoja kila mahali. Njia inayotumika sana, iliyoenezwa na Gabriel Desjardins, ni kuwachukua wachezaji waliohama kutoka ligi fulani kwenda NHL, kulinganisha pointi zao kwa kila mechi kabla na baada ya kuhama, na kupata kigawo cha ligi ile, yaani namba ya kuzidishia pointi zake. Kijana wa Uswidi anacheza dhidi ya wanaume wa miaka 25 na 30, kwa hiyo kigawo chake ni kikubwa kuliko cha ligi ya vijana.

Wewe kama mwanahisabati utaona udhaifu wake mara moja: waliohama si sampuli ya kubahatisha, walichaguliwa kwa kuwa walikuwa bora. Tena kigawo hakijui kijana alipewa dakika ngapi kwa mechi, wala ni pointi ngapi alizipata wakati wapinzani walikuwa pungufu kwa adhabu. Uangalie pia tarehe ya kuzaliwa, na si mwaka peke yake. Aliyezaliwa tarehe 15 Septemba 2007 alistahili kuteuliwa mwaka 2025, na aliyezaliwa siku moja baadaye anasubiri 2026. Kwa hiyo vijana wawili walio katika orodha moja ya uteuzi wanaweza kutofautiana karibu mwaka mzima wa ukuaji.

SWALI: Mimi ni kocha wa soka wa watoto walio chini ya miaka 15 hapa Ruashi. Sina mashine wala daktari wa michezo, na baadhi ya wazazi hawana hata cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Nitamjuaje mwenye kipaji na aliyewahi kukomaa tu? (Kocha, Ruashi)

JIBU: Mwalimu, unahitaji ukuta, futi ya fundi na daftari. Pima kimo cha kila mtoto kila baada ya miezi mitatu, bila viatu, wakati uleule wa siku, na uandike. Mtoto ambaye namba zake zinapanda kwa kasi yuko katika kipindi kilekile nilichomweleza Mama wa Katuba: mpunguzie mazoezi ya kurukaruka, usimhukumu kwa chenga zinazomponyoka, na akilalamika maumivu chini kidogo ya goti usimwite mvivu, kwa kuwa maumivu hayo huwapata wengi wanaokua haraka, na yakizidi apelekwe kituo cha afya. Yule ambaye namba zake zimesimama huku akiwazidi wenzake wote amekwisha kumaliza sehemu kubwa ya safari ya mwili, na sifa zake za nguvu uzipokee kwa tahadhari.

Shule za soka za klabu kubwa za Uingereza zimewahi kuandaa mechi ambazo watoto hupangwa kwa kiwango cha ukomavu wa mwili badala ya umri. Nawe unaweza kufanya hivyo mara moja kwa mwezi kwa kuwapanga kwa kimo na uzito. Mtoto mkubwa, akikutana na wakubwa wenzake, atalazimika kutumia akili na pasi kwa kuwa mabega hayatamsaidia; mdogo naye, akiwa kati ya wadogo, atapata nafasi ya kuongoza mchezo, na hapo ndipo utakapomwona alivyo.

Kuhusu vyeti, FIFA ilianza mwaka 2009 kupiga picha za kifundo cha mkono katika Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17, lakini hata picha hizo husoma ukomavu wa mifupa, hazisomi tarehe. Kwa hiyo usimtuhumu mtoto mbele ya wenzake kwa sababu ya ndevu au sauti nzito. Andika pembeni ya vimo vyake mambo mawili au matatu uliyomwona akifanya mwezi huo ambayo hakuweza kuyafanya kabla, na atakapohamia kwa kocha mwingine, mkabidhi kocha huyo kurasa zake.