Kipengele cha manufaa kwa jamii katika zabuni za serikali: jibu kwa mzabuni wa Sengerema

Ndugu uliyeuliza kampuni yako ndogo iandike nini katika kipengele cha manufaa kwa jamii kwenye zabuni ya mifereji ya maji ya mvua wilayani Sengerema, nakujibu kama mkandarasi ninayefanya kazi za aina hiyo Ilemela na Magu.

Tenganisha kwanza mambo mawili. Ile asilimia 30 ya ununuzi ambayo taasisi nunuzi hutakiwa kisheria kuitengea makundi maalumu, yaani vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu, huombwa na kikundi chenyewe kilichosajiliwa katika NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi kwa mtandao, wala kampuni haiipati kwa kuahidi kuwasaidia. Kipengele chako kinapima kile ambacho utekelezaji wa mkataba utawaachia wakazi. Uingereza ilitunga sheria ya jambo hili mwaka 2012, na tangu 2021 zabuni za serikali kuu huko hukipa kipengele hiki uzito usiopungua asilimia 10 ya alama zote.

Ahadi na itoke ndani ya kazi yenyewe. Msaada wa madawati unapendeza, lakini hauhusiani na mifereji na mtathmini hana namna ya kuupima. Eleza vibarua wangapi watatoka katika vijiji ambamo mfereji unapita, watapatikanaje kupitia serikali ya kijiji, na vijana wangapi watajifunza kujengea mawe chini ya fundi yupi. Taja pia ushahidi utakaouwasilisha, kama mikataba ya ajira, daftari la mahudhurio na michango ya NSSF. Fundi anayefundisha hupungua kasi, kwa hiyo muda wake uonekane katika bei zako. Usipouweka, ahadi itakula faida na mafunzo yatakuwa ya kwanza kuachwa.

Kabla ya kuandika kwamba utanunua mchanga na kokoto kwa kikundi cha kijijini, hakikisha kina namba ya mlipakodi na kinaweza kukupa risiti, la sivyo hutakuwa na cha kuonyesha. Angalia na kalenda ya kilimo pia, maana mvua za vuli zikianza watu wengi huwa shambani, na idadi uliyoahidi haitapatikana.

Ukishinda, mpe msimamizi wa eneo la kazi nakala ya ahadi hizo kabla hajaajiri mtu wa kwanza, kwa sababu asiyezijua atawavusha vibarua wake wa siku zote kutoka jijini Mwanza kupitia Daraja la Kigongo–Busisi, na malalamiko ya wanakijiji yatafika kwa mtendaji kabla ya taarifa yako ya kwanza.