Maswali Yenu Kuhusu Mji wa Kale wa Lamu

Nyumba nimeirithi kwa baba yangu. Kwa nini niombe ruhusa ya kuikarabati?

Hakuna anayekupokonya urithi wako. Nyumba za Mkomani, mtaa wa nyumba za mawe mjini Lamu, hata hivyo, zimebanana, na pengine chumba cha wikio huvuka juu ya njia kikaegemea ukuta wa jirani, hivyo ukibomoa upande wako bila kushauriana na mtu, ufa utatokea kwa mwenzako. Kwa sababu hiyo ipo tume ya mipango, ambayo tangu 1991 inadhibiti ujenzi katika eneo la hifadhi. Ombi lako likifika mapema, kosa husahihishwa kwenye mchoro, kabla jiwe halijang’olewa.

Saruji ni imara kuliko chokaa. Mbona inakataliwa?

Swali hili naletewa mara nyingi, na nalijibu kwa moyo wote. Ukuta wa mawe ya matumbawe hufyonza unyevu wenye chumvi kutoka ardhini, na chokaa huuachia unyevu huo utoke taratibu. Saruji huuziba: maji hubaki ndani, chumvi huganda nyuma ya plasta, na ncha za boriti za mikoko zilizozama ukutani huoza bila mwenye nyumba kujua. Pitisha kiganja kwenye chokaa kuukuu, utabaki na unga mweupe mkononi na ukuta bado umesimama. Kisha gonga plasta ya saruji iliyopakwa juu ya matumbawe; ikilia kama debe tupu, ujue imekwisha kubanduka.

Je, si UNESCO inayoulinda mji?

UNESCO iliuorodhesha kuwa Urithi wa Dunia 2001, lakini haina askari wala fundi Lamu. Ofisi ya hifadhi ilikwisha kufunguliwa mjini 1986, na afisa wake aliazimwa kwa serikali ya mtaa ili aishauri. Kwingine pia ulinzi ulianzia nyumbani: Zanzibar nao waliunda mamlaka ya Mji Mkongwe 1985, miaka 15 kabla ya mji wao kuorodheshwa. Na Charleston, Marekani, bodi ya kukagua michoro ilianza 1931.

Chokaa na boriti ni ghali. Asiye na uwezo afanyeje?

Hapa ndipo ninapoona tume ina deni kwa wenyeji. Kumkataza mjane saruji bila kumwonyesha njia nyingine ni kumsukuma auze nyumba. Usingoje paa lianguke: peleka ombi ungali na boriti moja tu iliyooza, umwombe afisa wa hifadhi aje na fundi wa chokaa, wakuonyeshe ipi ibadilishwe sasa na ipi inaweza kungoja.