Fonti nyembamba ya mwandiko: iachie majina mawili tu

Dada uliyeuliza kama ile fonti nyembamba ya mwandiko wa mkono itafaa kadi zako za harusi na kibao cha duka lako la keki hapa Kisumu: kadi, sawa. Kibao, hapana. Nimo kwenye uchapaji mwaka wa 11 sasa.

Uzuri wake uko kwenye mstari unaonenepa kalamu inaposhuka na kukonda inapopanda, na herufi zilivyoshikana. Kwa hiyo usiiandike kwa herufi kubwa tupu, utapata kichaka. Wala usiongeze nafasi kati ya herufi. Viungo vitakatika na mikia ibaki inaning'inia.

Halafu kuna majina yetu. Wengi tunaanza na O, na O ya fonti hizi hupigwa kitanzi. Niliwahi kuchapa Otieno, mama yake akaishika kadi mbali na macho akauliza, "Huyu Qtieno ni wa nani?" Achieng' naye ana ritifaa, kile kialama cha juu, mwishoni. Fonti nyingine za bure hazina alama hiyo, kompyuta inaazima ya fonti jirani, nayo inasimama pembeni ya mkia wa g kama msumari. Kabla ya kulipia fonti, andika majina yenu wenyewe uyatazame; usidanganywe na sampuli ya muuzaji. Kama O inakukera, fungua kidirisha cha herufi mbadala kwenye programu yako. Fonti nzuri huwa na O mbili tatu za kuchagua.

Hasara niliyoila mimi ni kadi 100 za rangi ya damu ya mzee, maandishi meupe. Meupe yale si wino, ni karatasi iliyoachwa wazi. Wino ukatambaa, ukameza nyuzi zote nyembamba. "Wapendwa" ikabaki vipande. Nikarudia kwa pesa zangu. Tangu siku hiyo, majina ya maharusi pekee ndiyo yanapata mwandiko, tena kuanzia ukubwa wa pointi 30 hivi. Tarehe, kanisa na nambari ya simu naziandika kwa fonti ya kawaida. (Programu za mazishi pia: jina la marehemu kwenye jalada, basi.)

Kibao sasa. Abiria wa boda hana muda wa kufumbua vitanzi. Na ukikata stika, nyuzi hizo huchanika unapong'oa mabaki. Zikipona, jua na vumbi vitazibandua. Tumia herufi nene huko juu, mwandiko uuweke kwenye kadi ndogo ndani ya boksi la keki.

Soma leseni pia. "Bure kwa matumizi binafsi" inaruhusu harusi yako, lakini duka ni biashara, utalipia. Na ukipeleka faili kwa mchapaji, geuza maandishi yawe michoro kwanza, la sivyo mashine yake isiyo na fonti hiyo itakuwekea nyingine, na utaligundua hilo kadi zikishakatwa.