Re: Nimeweka LED ya wati 10 kwenye tochi, mbona haiwaki wakati ya zamani iliwaka?

Salama mkuu. Nimekusoma, tochi yako inatumia betri moja ya 18650 (ile ya lithiamu ya mviringo ya kuchaji), umetoa LED ya mwanzo ukaweka ile chipu ya mraba ya wati 10 yenye vidoti 9, sasa haiwaki kabisa. LED yako haijaungua. Ile chipu ndani imepangwa LED 3 kwa mfululizo, kwa hiyo inataka volti 9 mpaka 11 hivi, na betri yako hata ikijaa kabisa ni volti 4.2 tu, haiwezi kuisukuma.

Anza na multimita, rudisha LED ya zamani upime betri tochi ikiwa imewashwa, volti ikishuka sana ujue betri nayo ni mbovu, na hizi zilizoandikwa uwezo wa 9900mAh usiziamini kabisa, 18650 haifiki huko hata kidogo.

Mimi huwa naweka LED ya Cree XM-L2 ya volti 3 iliyokwisha gundishwa kwenye kibati chake cha shaba, pamoja na draiva (kisakiti kinachodhibiti umeme unaoenda kwenye LED) yenye vichipu vya AMC7135, kila kimoja kinapitisha 350mA, kwa hiyo vikiwa 8 unapata 2.8A. Ila mkuu, joto ndilo linaua LED, paka pesti ya kupitisha joto chini ya kibati na kikae bapa kwenye alumini ya tochi, na kama mwili wa tochi ni wa plastiki usizidishe 1A. Kabla hujafunga angalia riflekta (kile kikombe kinachong'aa kuzunguka LED) isiguse sehemu ulizochomelea waya, itapiga shoti.

Tuma picha ya draiva iliyomo sasa tuone kama inafaa kubaki.