Cheti cha Kozi Si Cheti cha Bodi

Swali: Binti yangu yuko darasa la 11 hapa Marekani. Shule yake ina mpango wa miaka miwili unaowaandaa wanafunzi kuwa wasaidizi wa tiba, naye ndiyo kwanza ameuanza. Jamaa mmoja anatushauri tuuache, tulipie kozi ya mtandaoni ya wiki sita, eti inatoa cheti hicho hicho. Nadharia anaiweza vizuri, ila akipima shinikizo la damu namba zake na za mwalimu zinapishana hata kwa 20. Je, wiki sita zinatosha? Na hilo la shinikizo si atalizoea kazini, maana kliniki zina mashine? – Mama mwenye haraka

Jibu: Mama, si cheti hicho hicho, na aliyewaambia hivyo ama hajui au anajua vizuri sana anachouza.

Neno “cheti” linawaponza wazazi wengi, kwa kuwa tunalitumia kwa karatasi mbili zisizo na undugu. Ya kwanza ni ya kumaliza kozi. Anaitoa yule yule aliyefundisha na kupokea ada, na anaweza kumpa yeyote aliyefika somo la mwisho. Ya pili inatolewa na bodi ambayo haikumfundisha mtahiniwa, baada ya mtihani unaosimamiwa, na ina tarehe ya kuisha. CCMA, cheti cha msaidizi wa tiba cha bodi ya National Healthcareer Association, huhuishwa kila miaka 2. CMA, cheti cha kazi hiyo hiyo cha American Association of Medical Assistants, huhuishwa kila miezi 60. Mwajiri anayetaka msaidizi mwenye cheti anaulizia hii ya pili.

Sasa tazama haraka hiyo inawapeleka wapi. Njia ya kawaida ya CMA inamtaka mtu awe amehitimu programu iliyoidhinishwa na CAAHEP au ABHES, mashirika yanayokagua programu za mafunzo ya afya, yenye mafunzo kwa vitendo kliniki yasiyopungua saa 160. Wanafunzi wengi wa sekondari huelekea CCMA, ambayo mtihani wake una maswali 150 yanayohesabiwa na mengine 30 ya majaribio, kwa saa tatu. Bodi hiyo inamruhusu mwanafunzi kuufanya kabla ya kuhitimu sekondari, mradi atahitimu ndani ya miezi 12 na awe amemaliza mafunzo yanayotambulika. Akifaulu, hupewa cheti cha muda mpaka athibitishe kwamba amehitimu. Binti yako ndiyo kwanza yuko mwanzoni mwa darasa la 11, na sekondari ya Marekani inaishia darasa la 12. Hata akimaliza wiki sita kesho, mlango wa mtihani bado umefungwa. Mtalipia mbio ambazo hazifiki popote.

Hilo la shinikizo ndilo linalonisumbua zaidi, kwa sababu “mashine zipo” nalisikia kila muhula. Mashine haimchagulii mgonjwa mkanda wa kufungwa mkononi. Haiweki mkono wake usawa wa moyo, na haimwambii anyamaze. Mapigo ya moyo yakiwa hayana mpangilio, inaweza kutoa namba isiyoaminika au isitoe kabisa, na hapo daktari atageuka kwa msaidizi amwambie, “Pima kwa mkono.”

Tofauti ya 20 ina sababu, na karibu kila mara inapatikana. Aanze na mkanda. Mfuko wa hewa ndani yake uzunguke asilimia 80 ya mkono, na upana wake uwe kama asilimia 40 ya mzunguko huo. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene unapandisha namba. Ufungwe juu ya ngozi, si juu ya shati. Mgonjwa awe ametulia dakika 5, mgongo umeegemea, miguu imekanyaga sakafu bila kupishana, kibofu kitupu, mkono umeshikiliwa na meza. Mkono unaoning’inia unaongeza namba.

Kisha ajaze hewa kwenye mkanda huku akishika mapigo kwenye kifundo cha mkono. Yakipotea, asome mshale wa kipimo, aachie hewa yote, angoje kidogo, halafu ajaze tena mpaka 30 juu ya hapo. Wanafunzi wengi hawafanyi hivi. Wanajaza mpaka 140 kwa kila mtu. Mgonjwa mwenye 170 atasomwa 140 au chini yake, na hatari yake itaandikwa kuwa nafuu. Wapo pia wagonjwa ambao sauti ya mapigo, ile anayoisikiliza kwa stetoskopu wakati hewa inatoka, hupotea katikati na kurudi chini zaidi. Aliyeruka hatua hii ataanza kuhesabu kwenye sauti zilizorudi.

Kosa ninaloliona kuliko yote ni kuachia hewa kwa kasi. Mapigo ya 60 kwa dakika ni pigo moja kwa sekunde. Mshale ukishuka 10 kila sekunde, kati ya pigo na pigo 10 zimeshapita bila sauti yoyote: namba ya juu inasomwa chini na ya chini inasomwa juu. Ashushe 2 kwa sekunde, na kidole gumba kizoee ile valvu mpaka kisifikirie. Video haifundishi kidole gumba.

Mwambie aombe stetoskopu ya masikio ya watu wawili, ile ya kufundishia, ili yeye na mwalimu wasikilize pigo moja kwa wakati mmoja. Ncha za masikioni zielekee mbele, upande wa pua. Halafu muangalie daftari lake. Kipimo cha mshale kimegawanywa kwa mbili mbili, kwa hiyo akiandika 127 amekisia. Na kama namba zake zote zinaishia na sifuri, hasomi, anakadiria. Asihesabiwe kuwa amefuzu mpaka apishane na mwalimu kwa 4 au pungufu, kwa watu wengi tofauti, wembamba kwa wanene.

Hapa nazungumza na wazazi wote, si wewe peke yako. Muulize muuzaji: ni kliniki gani itampokea mwanafunzi, na nani atasaini kwamba amemwona akifanya? Huyo mwanafunzi akijichoma kwa sindano iliyotumika, nani anawajibika? Chanjo ya homa ya ini B peke yake, kwa ratiba ya kawaida ya sindano tatu, inachukua miezi 6 kwa asiyeipata utotoni. Kwa cheti cha National Healthcareer Association cha wachukuaji damu ya vipimo, mtahiniwa lazima awe amechukua damu kwenye mshipa mara 30 na kwenye kidole mara 10, kwa watu walio hai. Kozi ya mtandaoni inawatoa wapi watu hao? Msikubali binti ajifunzie sindano kwa ndugu zake nyumbani.

Tena kuna wanaouza “maswali yenyewe ya mtihani”. Msiyaguse. Bodi zina mamlaka ya kufuta matokeo, na anayekariri majibu anaingia kliniki bila kujua kwa nini mshale haushushwi haraka. Majimbo nayo hayalingani katika kazi anazoruhusiwa msaidizi, hasa sindano. Jimbo la Washington, kwa mfano, inadai usajili au cheti cha jimbo lenyewe. Kabla ya kumlipa mtu yeyote, piga simu idara ya afya ya jimbo lenu na uulize kozi hiyo, kwa jina lake, inatambulika kwa lipi.